Injekta Nne na Hewa ya Mbeere

"Kinachotosha Githongo kitatosha Mbeere, na kitabaki."

Kendi mwanangu, naanza na dai hilo kwa sababu ni la uongo, na sitaki libaki limesimama katika nyumba hii wewe ukiwa umeondoka. Aliyelitoa si mjinga. Amesoma vitabu vingi, anaandika barua magazetini, ameshindana na wahubiri na wanasiasa wa kaunti mbili, na mara nyingi amewashinda. Anajua kwamba ukishuka kutoka huku kwetu Githongo kwenye miteremko ya Mlima Kenya kwenda tambarare za Mbeere, mvua inapungua, majani yanapungua, maziwa ya ng'ombe yanapungua, na kahawa inakwisha kabisa, mahali pake panaota muguka, yale majani ya kutafunwa, na miiba. Kwa hiyo akahitimisha kwamba kila kitu hupungua ukishuka. Ikiwa injini ya ndege inapata petroli ya kutosha huku juu kwenye neema, itakosaje kutosheka kule kwenye ukame?

Nalijibu hivi. Hewa haifuati mvua. Hewa ina uzito, na uzito huo umelala chini. Mtu wa Mbeere ambaye mbuzi wake wamekonda anavuta hewa nzito kuliko ninayovuta mimi kwenye baraza yangu ya maua. Injini ukiishusha kwake, kila mzunguko inameza hewa nyingi zaidi, na kwa hewa hiyo inadai petroli nyingi zaidi. Usipoipa, inajila yenyewe. Dai limeanguka. Aliyelitoa ni mimi mama yako, na nililitoa nikikujibu wewe, mbele ya watu, kwa sauti ya kukunyamazisha.

Sasa ni saa tisa alasiri. Umeenda Kianjokoma kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachia mapema. Baba yako yuko shambani anapogoa kahawa kana kwamba kesho ni siku kama nyingine. Ndivyo anavyolia yule. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Addis Ababa kusomea ufundi wa injini za ndege. Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa ya tumbo, wala watu wa kuepuka. Hayo shangazi zako wamekujaza mpaka masikio yamechoka. Nakuandikia kuhusu injekta nne. Jumamosi hii mjomba wako Nyaga, kaka yangu wa pekee, atakaa kwenye kiti cha ndege tuliyoijenga sisi watatu ndani ya stoo ya kahawa. Wewe hutakuwepo. Na leo, wakati wa chakula cha mchana, ulipokuwa bado na kijiko mkononi, nimeamuru iruke.

Unakumbuka siku tulipoifungua injini ile kwa mara ya kwanza? Nilikuwa nimesoma juu yake, nilikuwa nimeitetea kwenye kundi la mtandaoni la wajenzi wa ndege dhidi ya kila aliyesema ni kichaa kuweka angani injini iliyotolewa kwenye gari la michezo. Lakini sikuwa nimeiona. Nilijua haina pistoni, nilijua kwa maneno. Ukaingiza mikono na kutoa kipande cha chuma chenye pembe tatu na mbavu zilizovimba, ukacheka: "Mum, ni mahamri!" Na kweli ilikuwa mahamri, mahamri ya chuma. Rota mbili kama hizo, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga, ikivuta hewa upande mmoja, ikiibana upande wa pili, ikiichoma upande wa tatu, yote kwa wakati mmoja, bila kitu chochote kupanda na kushuka. Nilikaa kwenye gunia. Nimefundisha Jiografia miaka ishirini na mitano, nimewaeleza watoto wa watu volkano na mikondo ya bahari, na sijawahi kukosa neno. Siku ile nililikosa. Kuna mtu, mahali fulani, alikaa akafikiri kwamba moto unaweza kuzungushwa badala ya kusukumwa, na akafikiri mpaka ukakubali.

Ukanionyesha na kile kipande chembamba kwenye kila ncha ya rota, kinachoziba moto usivuje. "Kila kitu kinategemea hiki," ulisema. Kilikuwa na unene wa ukucha. Nikakichukua, nikakitazama kwenye mwanga wa mlango, nikashikwa na woga fulani mzuri ambao sijaupata hata kanisani. Usimwambie baba yako.

Halafu zikaja injekta. Hapo ndipo ulipoanza kunipita, na hapo ndipo nilipoanza kukuzuia njia.

Huku kwetu kila mtoto anajua nozeli. Umekua ukimwona baba yako akipulizia kahawa dawa ya kutu, akifungua kichwa cha pampu, akikitazama kwenye jua, akikipuliza kwa mdomo. Mkulima mzuri wa Githongo anasifiwa kwa ukungu wake: ukiwa laini, dawa haidondoki chini, haipotei. Mkulima mvivu hupanua tundu kwa msumari ili amalize mapema. Basi mimi nilichagua injekta kama mke wa mkulima mzuri. Fundi Kinoti wa Nkubu alituwekea mezani aina mbili, nne ndogo na nne kubwa, zote zimetoka kwenye magari yaliyokufa na zote amezisafisha. Nikazitazama zikinyunyiza kwenye mashine yake. Zile ndogo zilitoa ukungu kama pumzi ya asubuhi. Zile kubwa zilitema.

"Hizi," nikasema.

"Mwalimu, hii kitu ni ya moto, si ya majani," Kinoti akasema. "Hizo ndogo ni tamu kwa slow. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, zitakuwa zimefunguka tu, hazifungi tena, na bado injini inaitisha."

"Tutapima."

"Mpime, lakini mpime pale ndege itafanyia kazi."

Sikumsikia. Niliona mikono yake ya grisi nikafikiri nimeshamaliza kumsikiliza. Huo ni ugonjwa wangu wa zamani, Kendi. Mtu nisiyeona kitabu mkononi mwake nampa nusu ya sikio.

Naye alikuwa ameeleza jambo lote kwa maneno machache. Injekta ni mlango. Kompyuta ya injini inaufungua na kuufunga mara nyingi kwa sekunde, na muda unaokaa wazi ndio kipimo cha petroli. Mlango mdogo ni mtiifu injini inapozunguka polepole, lakini injini ikidai nguvu zote, mlango unakaa wazi muda wote na hauna cha kuongeza. Mlango mkubwa hauishiwi, lakini polepole haujui kutoa kidogo, injini inakohoa na kunuka. Kuchagua injekta ni kuamua ni wakati gani utakubali kusumbuka: ukiwa umesimama ardhini au ukiwa juu ya miti. Mtu akiliona hivyo, hata hachagui. Mimi sikuliona hivyo. Nilitaka ukungu.

Tulipoifunga injini kwa minyororo kwenye kisiki cha mkaratusi nyuma ya stoo na kuiwasha, ilikubaliana na mimi. Sitasahau. Haikunguruma kama gari; iliimba, sauti moja ndefu isiyo na mapigo, na majani ya kahawa yakageuka yote mgongo kwa wakati mmoja, yakawa ya fedha mpaka kwenye mpaka wa jirani. Kuku walilala chini. Baba yako alitoka na kisu chake cha kupogolea akasimama tu. Wewe ulikuwa umeinama juu ya kile kipimo kinachoonyesha kama petroli inatosha hewa, kidole juu ya kioo. Ukaonyesha alama: inatosha. Lakini hukutabasamu. Mjomba wako alipozima, ukasema polepole, "Zinakaa wazi karibu muda wote. Zimebakisha kidogo sana, Mum. Huku hewa ni nyembamba. Mbeere si itakuwa nzito?"

Swali hilo, mwanangu, lilikuwa somo langu la kidato cha pili. Nimelichora ubaoni: mlima, bahari, mishale, shinikizo la hewa kushuka kadiri unavyopanda. Wiki ile ile nilikuwa nimelisahihisha kwenye madaftari. Na nilipolisikia kwako, sikulitambua. Sikulitambua kwa sababu lilisema Mbeere ina kitu kuliko sisi.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe, kwa sababu nawe ni mtoto wa huku. Tumelelewa kutazama chini na kuona upungufu. Maji yanatoka kwetu kwenda kwao. Mtu wa kule akija na mkokoteni tunamhurumia kabla hajasema bei yake. Nilizaliwa Kianjokoma kwenye chai na nimeolewa Githongo kwenye kahawa, sijawahi kuishi mahali ambapo wingu halikuwa jirani. Nimeandika makala nikiwatetea watu wa Mbeere dhidi ya serikali, makala kali, nzuri, na muda wote huo sikuwa naamini wana chochote ambacho ningekihitaji. Unaweza kumtetea mtu na kumdharau kwa kalamu ile ile.

Kwa hiyo nikakujibu kama ninavyowajibu maadui. "Mbeere ni joto, na hewa ya joto ni nyepesi. Kinachotosha Githongo kitatosha Mbeere, na kitabaki."

"Joto inaipunguza, sawa," ukasema. "Lakini kushuka kunaiongeza. Si tupime zote mbili ndio tujue gani imeshinda? Na tutaruka asubuhi, kabla ya joto."

Ningesema, "Sina jibu." Ni maneno mawili, hayana uzito. Badala yake nikasema, "Kendi, nani mwalimu hapa?"

Kinoti, aliyekuwa amekuja kuona nozeli zake zikifanya kazi, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Nyaga akasema, "Haya, Wanja, wacha mtoto." Nawe ukafunga sanduku la vipimo, vifungo viwili, kimoja halafu kingine, ukaingia ndani.

Tukaibeba ndege kwa lori, mabawa yamefungwa magodoro, tukashuka nayo. Ulikaa nyuma kwenye lori njia nzima ukishika bawa. Unakumbuka ule uwanja wa vumbi, na wachumaji wa muguka walioacha kazi wakaja na vikapu vyao? Yule mama mwenye kofia ya sufu, aliyemwuliza Nyaga, "Baba, hii ikianguka tutakula nyama gani?" Na Nyaga, ambaye amerusha ndege za kupulizia ngano huko Timau miaka mingi na haogopi kitu isipokuwa mkewe, akamjibu, "Yangu, mama, lakini ni ngumu." Wakacheka wote. Asubuhi ilikuwa baridi. Nakumbuka nilijifunika leso nikashangaa, Mbeere kuna baridi? Hata hilo halikunizindua.

Nyaga akawasha. Ilizunguka polepole, tamu kabisa, ukungu wangu ukifanya kazi yake. Nikawatazama watu wa Mbeere nione kama wanaona. Wewe ulisimama mbele kando ya bawa, waya wa kipimo umeuvuta mpaka mkononi. Akafungua robo. Akafungua nusu. Vumbi likaenda nyuma yetu kama ukuta. Akafungua yote.

Mimi sikusikia tofauti. Nakuapia. Nilisikia kuimba kule kule, kwa nguvu zaidi hata, nikainua mkono kama mshindi. Ndipo nikakuona umepishanisha mikono yote miwili juu ya kichwa, ishara ya kuzima injini.

Nikapiga kelele. "Endelea! Endelea, Nyaga!"

Alitutazama wote wawili. Dada yake, aliyesoma, aliyemnunulia kalamu yake ya kwanza. Na wewe, mikono imepishana, hupepesi macho, mdomo umefungwa. Hukupiga kelele hata kidogo. Kaka yangu akakata.

Propela ikazunguka mara mbili tatu yenyewe, ikasimama. Yule mama wa kofia akauliza, "Kwani imekataa?"

Tulipoifungua jioni ile hapa nyumbani, ulitoa rota ya nyuma na kuiweka juu ya gunia safi. Kile kipande cha unene wa ukucha kilikuwa na ufa. Hakikuwa kimevunjika, kilikuwa kimepasuka kidogo pembeni, mahali ambapo moto ulikuwa umelipuka kabla ya wakati wake kwa kukosa petroli. Nyaga alikipitisha kwenye kidole chake, akakirudisha mkononi mwako, akatoka nje akakaa na baba yako kwenye msingi wa stoo. Alikaa muda mrefu. Kama angeondoka ardhini, kingevunjika juu ya miti, na vipande vyake vingekula injini yote kabla hajageuza pua.

Nilingoja useme. Kila mtu ana haki ya kusema, "Si niliwaambia." Mimi ningelisema kwa miezi. Wewe ulichukua daftari ukaanza kuhesabu ukubwa wa injekta mpya: shinikizo la asubuhi ya Mbeere, joto la asubuhi ya Mbeere, na akiba juu yake. Ulipomaliza uliniletea mimi daftari nikusahihishie. Nilitazama zile hesabu, mwandiko wako mdogo unaoegemea kushoto, nikaona kitu ambacho sikukifundisha. Sikujua kimetoka wapi. Nimekubeba tumboni, nimekufundisha kusoma kwenye meza hii hii, na sikuwa nimewahi kumwona mtu yule aliyesimama mbele ya propela na kuamini sindano ya kipimo kuliko sauti ya mama yake. Nilikuogopa, Kendi. Namna nilivyoiogopa ile injini siku tulipoifungua.

Na baada ya kukuogopa, nilifanya jambo la aibu kuliko yote. Hujawahi kuniuliza na sijawahi kulisema.

Niliandika kwenye kundi la wajenzi. "Baada ya majaribio nimegundua kwamba injekta zinazotosha nyanda za juu hazitoshi tambarare." Nimegundua. Niliandika kurasa tatu, na nilikuwa nimezipanga vizuri, nikawapiga wote waliosema joto la Mbeere litaokoa mambo. Yaani nilijipiga mwenyewe huku nikijificha nyuma ya wengine. Wakasifu. Mtu mmoja wa mbali akaandika kwamba Kenya ina bahati kuwa na akili kama yangu. Wewe umo kwenye kundi lile. Uliweka kidole gumba. Kidole gumba tu, halafu ukaenda kukamua ng'ombe.

Nilipokuwa msichana wa shule Embu nilisimamia upande mmoja wa mdahalo ambao nilijua si wa kweli, na nikashinda, na mwalimu mkuu akasimama kunipigia makofi. Sikumbuki mada. Nakumbuka joto lililopanda shingoni, na jinsi nilivyolitafuta tangu siku hiyo. Watu wanadhani mtu mgomvi anapenda ukweli. Wengine wetu tunapenda joto lile, na tunashukuru tu ukweli unapotokea kuwa upande wetu. Sikwambii uache kubishana. Ningekuwa mnafiki, na isitoshe huko uendako watakuwepo watu wa kukuambia msichana ashike tochi wengine wafungue injini, hao uwararue. Ninachokwambia ni kilichonipata mimi: nilikuwa na kila nilichohitaji kujua hewa ya Mbeere, kitabu, ubao, fundi, binti, na nikakikosa kwa sababu kilikuja kwa sauti isiyokuwa yangu.

Sasa tuje kwenye leo mchana.

Kile kipande kilichopasuka tumekibadilisha, na zile injekta kubwa zimefungwa kwenye injini. Injini inakohoa ikizunguka polepole, kama Kinoti alivyosema, na sote tumekubali ikohoe. Juzi ulizitoa ukazipima kwa njia ya baba yako ya nozeli: bomba moja, injekta nne, chupa nne chini yake, dakika moja. Chupa tatu zilifika alama moja. Iliyobaki, ya injekta ya tatu, ilipungukiwa na upana wa kidole. Ukazirudisha mahali pake ili zisiingie vumbi, na leo mezani ukaomba Jumamosi iahirishwe mpaka Desemba utakaporudi, Kinoti apate injekta nyingine ya kulingana, na mzipime tena kule kule Mbeere.

Na mimi, mwandishi wa kurasa tatu, nikasema, "Upana wa kidole hauangushi ndege."

Ukasema, "Injekta hiyo inalisha rota ya nyuma, Mum."

Nikasema watu wa uwanja wameshajulishwa. Nikasema Nyaga hazeeki kwenda nyuma. Nikasema kompyuta itasawazisha, na ninajua vizuri kwamba kompyuta yetu inazifungua zote nne kwa muda mmoja na haiwezi kujua moja inatoa kidogo. Ulijua ninajua. Ukaweka kijiko chini, ukasema, "Sawa, Mum," ukaenda kuvaa viatu vya kwenda Kianjokoma.

Hiyo "sawa" ndiyo iliyoniketisha hapa. Mbele ya propela hukuniambia sawa. Nimekaa nikijiuliza ni nini kimebadilika, na jibu ni kwamba kesho unaondoka na hukutaka kuondoka tumegombana. Umenipa zawadi ya kuniagia, na zawadi yenyewe ni uhai wa kaka yangu.

Siipokei.

Nimeenda stoo kabla ya kuanza barua hii. Ndege imekaa pale kati ya magunia, nyeupe, pua juu, na mwanga wa matundu ya bati umeidondokea mgongoni. Nimeweka mkono kwenye injini, ilikuwa baridi. Nikafikiri juu ya hewa yote hii iliyotuzunguka, ambayo nimeishi ndani yake miaka hamsini bila kuihesabu, inayokaa juu ya Mbeere nzito na tele, ikimngoja kila asubuhi mtu yeyote atakayekuwa mnyenyekevu wa kutosha kuipima. Itambeba Nyaga. Inaweza kabisa. Ni ajabu ambayo bado siamini, kwamba kitu kisichoonekana kitashika mbao zetu na kitambaa chetu na kumwinua kaka yangu juu ya mashamba ya muguka. Haina kinyongo na sisi, wala haitatuhurumia kwa upana wa kidole.

Nilitaka kuishia hapa kwa kukuambia nimebadilika. Sitasema hivyo, kwa sababu najijua. Jumamosi asubuhi jua likitoka safi, na lori liko mlangoni, na wewe uko Addis, nitapata sababu. Nitakuwa na sababu nzuri sana, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayeweza kunishinda kwa maneno. Kwa hiyo sitaki mnishinde kwa maneno. Barua hii utaisoma jioni hii, kisha umpe mjomba wako aisome, na kesho apite nayo kwa Kinoti akishakusindikiza mpaka Nkubu, kwa kuwa ninawadai ninyi watatu kwa majina.

Kendi, kesho kabla ya chai ingia stoo, fungua bomba la petroli, utoe injekta zote nne kwa mkono wako. Andika kwenye daftari la ndege kwamba ni wewe uliyezitoa na kwa nini, na uandike pia, kwa kalamu isiyofutika, nani aliyegundua hewa ya Mbeere. Nyaga, uzichukue wewe, na usiulize dada yako anaonaje. Kinoti, uzifungie. Nitakuja dukani kwako kabla ya Jumamosi, nakuambia mapema. Nitakuja na hesabu, na vitabu, nitakuita ndugu yangu. Usinipe. Hata nikiwa na maneno ambayo huwezi kuyajibu, usinipe mpaka Kendi asimame Mbeere mbele ya chupa nne na akuambie zimelingana.